Sukari Katika Chupa ya Mkimbiaji

Asubuhi ya Jumapili, vilabu vya mbio za pole vinapomaliza mzunguko wao karibu na ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, wengi huishia kwenye madeli na vibanda vya vinywaji, na hapo ndipo mjadala huanza. Wapo wanaochukua soda au kinywaji cha kuongeza nguvu, kwa hoja kwamba mwili umetoka jasho na kuchoka, na sukari ndiyo inayourudishia nguvu upesi. Wapo wanaochukua maji au dafu, nao mara nyingi huulizwa kama wana kisukari au wanaogopa kunenepa. Kila upande una la kusema, lakini huu wa pili umesikilizwa vibaya, kwa kuwa hoja yake kubwa haianzii kwenye kitambi. Inaanzia kwenye utumbo, mahali ambapo maji hufyonzwa au hukwama.

Kila mzazi aliyewahi kumpeleka zahanati mtoto anayeharisha anaijua pakiti ya ORS, unga wa kuchanganya na maji ili kumrudishia maji mwilini. Ndani yake mna chumvi na glukosi, aina ya sukari, na glukosi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu wala nguvu. Sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, na glukosi huingia pamoja kupitia mlango mmoja katika ukuta wa utumbo mwembamba, kisha maji hufuata. Sukari hapo ni mchukuzi, na mchukuzi akizidi mzigo hauendi mbio zaidi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza mchanganyiko mpya uliopunguza glukosi kutoka gramu 20 hadi gramu 13.5 kwa lita, pamoja na kupunguza chumvi, baada ya kubainika kwamba mchanganyiko mwepesi uliwasaidia watoto zaidi: walitapika kidogo na choo chao kilipungua.

Sasa hesabu hiyo ilinganishwe na kilichomo ndani ya deli. Soda ya kola ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, yaani zaidi ya gramu 100 kwa lita, karibu mara 8 ya glukosi ya ORS. Kinywaji kizito kiasi hicho hukaa tumboni muda mrefu zaidi kabla ya kushuka, na kikishashuka, utumbo hulazimika kwanza kuvuta maji kutoka mwilini ili kukizimua. Mtu aliyetoka jasho anakunywa apate maji, kumbe kwa muda mwili wake unatoa maji badala ya kupokea. Wanaolalamika kwamba tumbo limejaa au wanasikia kichefuchefu katikati ya mbio wangeanza kwa kuchunguza walichokunywa kabla ya kulaumu mapafu yao. Juisi ya miwa haina tofauti kubwa na soda kwa jambo hili, hata kama imekamuliwa mbele ya macho ya mnywaji. Kuwa kwake ya asili hakupunguzi sukari yake.

Suala la nguvu nalo lina hesabu yake. Mtu mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia takriban kilokalori 350. Soda ya nusu lita, yenye sukari ipatayo gramu 53, humrudishia zaidi ya 200 kati ya hizo kabla hajafika nyumbani. Chupa hiyo hiyo imeshapita gramu 50, ambazo ndizo kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha sukari ya kuongezwa kwa siku nzima kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na bado hajanywa chai. Wala hakuwa ameishiwa nguvu: misuli na ini la mtu aliyekula vizuri huhifadhi wanga wa kutosha mazoezi makali ya zaidi ya saa moja. Alichopoteza katika mbio hizo fupi ni maji na chumvi.

Upande wa sukari una ushahidi wake, na ni ushahidi mzito. Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa akinywa kinywaji chenye wanga mwingi njiani. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa mazoezi yanapozidi saa moja, na hadi gramu 90 yanapozidi saa mbili na nusu. Wakimbiaji wa Iten, mji wa Kenya wanakofanyia mazoezi wanariadha wengi, hunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi na wanabaki wembamba, kwa sababu wanaichoma yote. Anayejiandaa kwa kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi hapaswi kuionea haya sukari. Tatizo ni kwamba mazoea yake yamehamishiwa kwa mtu wa kilomita 5, ambaye hana deni la kulipa. Na hata katika juhudi kali ya saa moja, utafiti uliofanyika Birmingham, Uingereza, mwaka 2004 uliwapa waendesha baiskeli maji yenye wanga wasukutue na kutema bila kumeza; muda wao ukapungua kwa takriban asilimia 3. Sukari iliyosaidia haikufika hata tumboni. Ubongo uliionja tu.

Hata hivyo, maji matupu nayo yana mpaka wake. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kuliko kawaida, na waliokunywa sana njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni kidogo, ilhali jasho hutoa zaidi sodiamu. Vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa upande wao, hutegemea kafeini: kopo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80, kiasi ambacho kikombe cha kahawa isiyo na sukari kinaweza kukitoa.

Kwa hiyo mwenye kukimbia chini ya saa moja anywe maji kadiri ya kiu yake, kisha akale muhogo au ndizi zake nyumbani. Anayekwenda saa moja na nusu juani anaweza kuchanganya lita moja ya maji safi na robo kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vinne vya chai vya sukari na maji ya ndimu. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kujiongezea chumvi hiyo. Na yule wa kilomita 42 atumie chupa ileile, akiongeza sukari ifike gramu 60 kwa lita, na aijaribu wiki kadhaa kabla, katika mazoezi yake marefu ya Jumamosi.