Nilikuwa na boksa, tuelewane

Naandika haraka kabla hiyo voisi haijafika kwa wajomba wa Pangani. Shemeji yangu, simtaji, anajijua, anawaambia watu eti nimekutwa uchi uani kwa mama mkwe. Uongo. Nilikuwa na boksa, ya bluu, mpya kabisa.

Mnaopajua kwa mama pale Tanga, uani ni zege tupu toka mlangoni mpaka ukutani, mchana ukikanyaga peku unarukaruka mwenyewe. Mama hana pa kuotesha hata mrehani, asumini yake inaishi kwenye ndoo ya rangi. Mkwe mwenye akili angenunua vyungu yakaisha. Mimi si nimeshaangalia video watu wanakata zege kwa mapindo, nikasema namkatia mama bustani ya nusu mwezi kuzunguka tenki la maji.

Nikalaza mpira wa maji chini, nikaupindapinda mpaka mwezi ukakaa, nikafuatisha na chaki. Hadi hapo mimi fundi, msininyime. Shida ilianzia kwa jamaa anayekodisha mashine. Nilitaka grenda ndogo ya disiki ya inchi nne na nusu, akanitazama kwa huruma, "bro, zege hilo, chukua baba lao," akanipa ya inchi tisa, kava hamna, ubavuni imeandikwa mizunguko 6,500 kwa dakika. Nikaona sifa.

Mama kuniona na suruali ya kutokea: "Baba, utaiharibu nguo yako nzuri hiyo, ngoja." Kaingia ndani katoka na msuli wa marehemu baba mkwe. Nyie mngekataa? Mimi mtu wa Iringa, msuli nauona kwa wenzangu, nikafunga fundo nilivyojaaliwa. Vumbi nalo lilikuwa si mchezo, mama akanipa na kanga yake nijifunge usoni.

Mstari wa kunyooka ulienda murua. Sasa hakuna aliyeniambia kwamba Jumapili hiyo kikoba kinakaa kwa mama. Wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakajaa mkekani barazani, "mkwe, pole na kazi!" Nami nikaongeza manjonjo.

Nikafika kwenye pindo. Disiki ni bapa, haijui kupinda, ndio maana wanaojua wanakwaruza kwanza juu juu, milimita chache, wanarudia rudia kidogo kidogo. Mimi nilishaizamisha yote, nikaanza kuikunja kwa nguvu za mabega, na kina mama wanatazama.

Sauti ndio ilibadilika kwanza, ilikuwa inalia, ikaanza kukoroma. Ikabanwa. Halafu ikaruka kunifuata. Mguu niliuwahi, Mungu mkubwa, ila ncha ya msuli ilichelewa. Niliuona ule ukingo mwekundu unaingia kwenye disiki na nikapata kabisa nafasi ya kuwaza "fundo litashika." Halikushika. Nikazungushwa kama pia, kitambaa chote kikatoka kiunoni, mashine ikakimeza, ikakohoa, na umeme wa nyumba nzima ukajikata. Feni kimya. Redio kimya. Hata yule bibi aliyekuwa anahesabu hela akanyanyua kichwa kuuliza kuna nini.

Kuna mimi, bibi. Nimesimama katikati ya mwezi, mweupe wa vumbi kichwa hadi kisigino, boksa, na kanga ya mama usoni.

Hebu nisaidieni hapo ndugu zangu. Kitambaa cha kujisitiri ninacho kimoja tu, na kiko usoni. Nikikitoa wananiona sura, nikikiacha wanaona yale mengine, na sura wanaijua tayari! Nilisimama nalipigia hesabu hilo muda mrefu kuliko inavyofaa. Mwishowe nikakivua, nikajifunga kiunoni chapuchapu, nikawapa mgongo niondoke na heshima iliyobaki. Kumbe jina la kanga limekaa nyuma, palepale makalioni, na mama mmoja akalisoma kwa sauti taratibu: "Hayawi hayawi, sasa yamekuwa."

Baraza zima chini. Mama mkwe kageukia ukuta, mabega yanamtikisika, mpaka leo sijui alikuwa analia au vipi.

Mengine mafupi. Mke wangu kaniletea suruali huku hawezi kuongea. Kesho yake kaja fundi kweli, na grenda ndogo, msaidizi anadondoshea maji vumbi lisiruke, kaukwaruza mwezi wote, kakatakata ndani mistari ya kunyooka, nyundo na patasi, kamaliza kabla ya adhuhuri. Asumini imeshaingia ardhini.

Aliyebaki ni yule jamaa wa mashine. Anataka hela ya kaboni za mota zilizoungua, sawa, na hela ya kava, ambayo hakuwahi kunipa, na mpaka nilipe haifungui grenda yake. Na mama kashauliza mara mbili, kwa upole wake ule, msuli wa marehemu uko wapi.