Ramani ya mawazo ikuonyeshe kitu kilipo, usiigeuze stoo

Mwaka jana nilipoteza Jumamosi nzima natafuta risiti ya nondo. Muuzaji anasema bado anadai, mimi najua nilishamaliza, sasa karatasi iko wapi? Nimepekua WhatsApp, nimepekua picha za simu mpaka za harusi ya mdogo wangu, bahasha ya kaki juu ya kabati, droo za jikoni, nimekuja kuikuta saa kumi na mbili jioni katikati ya daftari la hesabu la mtoto. Na kilichoniuma zaidi, ukutani nilikuwa na ramani ya mawazo ya ujenzi wote, yaani mchoro wenye mada katikati na mambo yake yakitoka kama matawi, karatasi ya manila, kalamu za rangi nne, matawi kila upande.

Shida ilikuwa nimejaza kila kitu mle. Bei, namba za simu, ahadi za fundi, sentensi nzima nzima. Tony Buzan, yule Muingereza aliyeutangaza sana mtindo huu kuanzia kipindi chake cha BBC mwaka 1974, alisisitiza ulaze karatasi kwa upana, uanzie katikati, na kila tawi libebe neno moja. Hilo la neno moja zamani nililidharau, sasa hivi ndo nalishikilia kuliko yote. Ukiandika "kumpigia fundi kuhusu mlango wa nyuma" umehamisha maneno tu, hujaamua hicho kitu utakikumbuka kwa jina gani, ila ukiandika "mlango" jicho linaenda lenyewe hata ukiwa umechoka.

Kwa hiyo nimeichora upya na nimeipa kazi moja tu, kuniambia kitu kilipo. Tawi "nondo", pembeni yake B3, maana yake boksi faili B, mfuko wa tatu. Basi. Bei iko kwenye risiti, risiti iko B3. Kama ni picha naandika jina la folda ya simu. Nywila na PIN siandiki humo kabisa, karatasi inaonwa na kila anayeingia sebuleni.

Halafu kuna vitu vina nyumba mbili, na hapa ndo naona ramani inaishinda orodha ya kawaida. Chukua kodi ya jengo, hapa Tanzania tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani ukinunua umeme, sasa utaiweka kwenye "umeme" au kwenye "kodi"? Kwenye orodha lazima uchague moja halafu miezi sita mbele unaitafuta kule kwingine. Mimi nimeiacha kwenye kodi nikavuta mshale wa nukta nukta mpaka umeme, kwa hiyo nikiingilia mlango wowote nafika.

Karatasi ikizidi matawi saba makubwa huwa nahamia kwenye laptopu. Natumia Freeplane, ni ya bure, haihitaji intaneti, unaweza kukunja matawi usiyoyataka kwa muda huo na kuunganisha tawi na faili lenyewe, ukibonyeza PDF inafunguka. Kwenye simu sikushauri kwa ramani kubwa, kioo ni kidogo utakuwa unasukuma tu kidole huku na huku mpaka usahau ulichofuata.

Ila karatasi au programu, isipopogolewa inakufa. Kila mwisho wa mwezi nakaa nayo kama robo saa hivi, kilichokwisha nakifuta, kilichohama namba ya boksi narekebisha. Ile ya kwanza sikuwahi kuigusa tangu siku niliyoibandika, ndo maana hata ningeandika risiti ilipo ingenidanganya vilevile.

Mke wangu naye amechora yake ya ujenzi huohuo. Kwake fundi yuko chini ya "pesa", kwangu yuko chini ya "watu", na boksi tunatumia hayohayo mawili. Nilitaka tuunganishe iwe moja, tukajaribu wiki mbili, kila mtu akawa anapotea kwenye matawi ya mwenzake. Sasa hivi ziko mbili ukutani, na juzi muuza tofali alipopiga simu, mke wangu ndo aliyeiona risiti kabla yangu.