Mtaro wa Nyumbani na Namba ya Malalamiko

Huu ni mwaka wangu wa tisa Chicago, na kila masika ninapompigia simu mama yangu aliyeko Dar es Salaam, mazungumzo huishia kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba yetu, ambao huziba kwa taka hadi maji yakaingia sebuleni. Ofisi ya mtaa imeelezwa mara nyingi, tena na watu wazima wanaoheshimika, na kila mara jibu ni kwamba wamesikia. Hakuna palipoandikwa walielezwa nini, lini, wala nani alipaswa kuja kuuzibua.

Huku, taa ya uchochoro wetu ilipoungua, niliipiga picha na kuituma kupitia programu ya 311, huduma ya jiji ya kupokea maombi na malalamiko ya wakazi, ambayo ilianza mwaka 1999 kama namba ya simu tu. Papo hapo nilipewa namba ya ombi. Kwa namba hiyo mimi na jirani yangu tuliweza kufuatilia limefikia wapi, na maombi ya namna hiyo huwekwa wazi kwenye tovuti ya takwimu za jiji, ambako mtu yeyote anaweza kuyasoma. Lalamiko lenye namba ni vigumu kulikana. Katika kata ya 49, kaskazini mwa jiji, diwani Joe Moore alianza mwaka 2009 kuwaachia wakazi wapige kura kuamua matumizi ya fedha za ukarabati wa kata, zaidi ya dola milioni 1, na hata asiye raia alihesabiwa kuwa mkazi. Mhamiaji anajua uzito wa jambo hilo.

Hata hivyo, sikubaliani na wenzangu wa ughaibuni wanaodhani kwamba Dar es Salaam inasubiri kufundishwa teknolojia. Tandale ilichorewa ramani na wanafunzi pamoja na wakazi wake mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulipeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kata zinazofurika, wakapita mtaa kwa mtaa na wenyeji, wakiandika mitaro, njia na mahali maji yanapofika. Ujuzi huo uko kwa wakazi wenyewe, na ni hazina ambayo siioni katika jengo ninaloishi, ambamo majirani hupishana kwenye ngazi bila kusalimiana.

Ila ramani inaonyesha mtaro ulipo, haionyeshi nani alikabidhiwa kazi ya kuuzibua. Naamini kinachokosekana tunakijua tayari kutoka kwenye vikoba, ambako kila hisa huandikwa mbele ya wote na hakuna shilingi inayopotea kimyakimya. Taarifa ya mtaro ingeweza kupokelewa vivyo hivyo, kwa ujumbe mfupi unaotumwa hata kwa simu ya kitochi, ikapewa namba, ikabandikwa ukutani na kusomwa kwenye mkutano wa mtaa. Hata mwenyekiti, ambaye mara nyingi hana fedha wala gari la kubebea taka, angekuwa na orodha ya kumpelekea diwani.

Nilimweleza mama hayo yote. Jumapili iliyopita yeye na wenzake wa kikoba walifungua daftari jipya, na mstari wa kwanza unasomeka: namba 1, mtaro wa nyuma, tarehe, na jina la aliyepokea taarifa.