Fundi wa balkoni anahitaji sheria ya kumkingia kifua

Kila ninaporudi Dar es Salaam nakuta vioo vimeongezeka. Mikocheni, Mbezi Beach, Kigamboni, kote huko ghorofa jipya halionekani limekamilika mpaka balkoni ipate reli ya aluminiamu na kioo. Hiyo ndiyo kazi yangu huku Uingereza: nafunga reli za balkoni na ngazi, Birmingham na miji ya jirani. Kwa hiyo wenzangu wakisimama balkoni kutazama bahari, mimi natazama chini, pale nguzo ya reli inapokutana na sakafu. Ninachokiona hapo mara nyingi kinanitia hofu, na nimeona nisikae nacho.

Niseme kwanza kwamba ufundi tunao. Vijana wa Gerezani wanakunja na kuunga chuma kwa vifaa vichache mno, na kazi inatoka safi. Tatizo ni kwamba mteja akisema "punguza hapo, weka kioo chembamba, nguzo tatu zinatosha", fundi wa Dar hana pa kuegemea. Akikataa, kazi inakwenda kwa mwingine siku hiyo hiyo. Huku mteja akiniambia hivyo namjibu kwa namba, naye anajua kuwa hata akimwita fundi mwingine, namba ni ile ile. Tunaendelea na kazi bila ugomvi.

Kwa England, namba nyingi ziko kwenye mwongozo wa serikali unaoitwa Approved Document K. Reli ya balkoni ya nje isipungue milimita 1,100 kwenda juu. Ngazi za ndani ya nyumba ya familia, 900. Jengo ambalo watoto wa chini ya miaka mitano wanaweza kuwemo, reli isiwe na uwazi wa kupitisha tufe la milimita 100, na isiwe rahisi kwa mtoto kuipanda. Hilo la mwisho ndilo linalokataa ule mtindo wa vyuma vya kulala ambao nyumbani umeenea kila mtaa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, vyuma vinne au vitano vya kulala ni ngazi. Visimamishe wima, chuma kile kile, hana tena pa kukanyaga. Tena grili nyingi za zamani, zile zilizochimbiwa kwenye zege, zilikuwa na vyuma vya kusimama. Kinga hiyo tulikuwa nayo, tukaiacha kwa ajili ya fasheni.

Halafu kuna nguvu. Reli ya balkoni ya nyumba ya makazi hupigiwa hesabu ya msukumo wa kilonewtoni 0.74 kwa kila mita, yaani karibu kilo 75 zikiisukuma kwa nje katika kila mita ya urefu wake. Kiwango cha Uingereza cha reli na vizuizi, BS 6180, kinataka ikisukumwa hivyo isisogee kuzidi milimita 25. Mahali panapoweza kusongamana watu wengi hesabu inafika kilonewtoni 3 kwa mita.

Mtu akisikia kilo 75 anaona ndogo. Ifuate mpaka chini. Chukua nguzo zilizoachana mita 1.2, reli ikiwa na kimo cha mita 1.1. Kila nguzo inasukumwa kwa karibu kilo 90, na inasukumwa kule juu kabisa, kwa hiyo inafanya kazi ya mtaimbo: kimo chote kile kinashindana na kitako, yaani bati la chuma la chini ya nguzo, ambacho boliti zake za ndani ziko kama sentimita 8 tu kutoka ukingo kinaoegemea. Piga hesabu, utakuta boliti hizo zinang'olewa kwa nguvu inayozidi tani moja. Tani moja, kwa sababu tu watu wameegemea reli siku ya kipaimara wakipiga picha. Ndiyo maana boliti lazima iingie kwenye zege lenyewe, na izame vya kutosha.

Safari iliyopita nilimsindikiza binamu yangu kuangalia nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, upande wa Mbezi. Fundi alikuwa bado anamalizia reli. Kijana mwenye adabu, akaniamkia, tukazungumza. Nikamuuliza skrubu za kitako zimeshika wapi.

"Kwenye marumaru, mzee. Chini yake kuna saruji ya kusawazishia, zege liko chini zaidi. Drili yangu haifiki."

Nikaisukuma reli taratibu kwa kiganja kimoja. Kioo kikaenda, kikarudi, na silikoni iliyozunguka kitako ikaachia upenyo kisha ikajifunga. Chini kulikuwa na skrubu fupi na plagi za plastiki. Nikamuuliza kama wenye nyumba wanajua. Aliwaambia, wakamjibu kwamba yeye kaletwa kufunga reli, habari za sakafu hazimhusu. "Sasa ningefanyaje, mzee wangu?" Hakukuwa na karatasi hata moja ambayo angeweza kuwawekea mezani. Binamu yangu hakupanga pale. Kuna mwingine atakuwa amepanga.

Kioo nacho kina mambo yake. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye ncha, visu kabisa. Kioo cha tempa hupashwa moto kuzidi nyuzi 600 kisha hupoozwa kwa upepo mkali, kikawa imara mara nne au tano zaidi, na kikivunjika kinamwagika punje ndogo ndogo. Kikishatoka kiwandani hakikatiki tena. Kwa hiyo fundi akikikata kioo mbele yako ili kienee, basi hicho si cha tempa, aseme muuzaji anavyosema. Tazama pia kona: kioo cha tempa cha kiwango huwa na muhuri usiofutika wenye namba ya kiwango. Na ukivaa miwani ya jua ya aina ya polaroidi, mara nyingi utaona madoa au michirizi ya kivuli ndani ya kioo. Hayo ni alama ya kule kupoozwa kwa upepo.

Lakini hata tempa peke yake haitoshi ghorofani. Chembe ndogo za salfaidi ya nikeli zikibaki ndani ya kioo, kinaweza kupasuka chenyewe miaka baada ya kufungwa, bila mtu kukigusa. Kwa sababu hiyo vioo hupashwa joto upya kiwandani, zaidi ya nyuzi 250 kwa saa kadhaa, ili vyenye kasoro vipasukie huko huko. Na pale kioo kinaposimama chenyewe bila fremu, kikiwa kipande kimoja, si tabaka mbili zilizogundishwa, BS 6180 inataka juu yake kuwe na reli ya mkono iliyofungwa kiasi kwamba kioo kimoja kikimwagika, watu wabaki wana kitu cha kuwazuia. Dar nimeona vioo vimechomekwa kwenye vishikio vya sakafuni, juu hakuna kitu, na ng'ambo ya kioo ni ghorofa nne za hewa.

Sitaki mtu adhani huku ni peponi. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower, London, liliungua na kuua watu 72, katika nchi yenye makabati yaliyojaa miongozo. Mwaka 2018 sheria ikakaza: majengo ya makazi yanayozidi mita 18, kuta za nje pamoja na balkoni zisiwe na vitu vinavyoungua. Ikatugusa sisi wa vioo moja kwa moja, maana kioo cha lamineti, ambacho ndicho salama zaidi dhidi ya kuanguka, tabaka zake zinashikanishwa na utando wa plastiki, na plastiki inaungua. Ikabidi turudi kwenye vyuma, au kioo cha kipande kimoja chenye reli ya juu. Nalitaja hili kwa sababu kanuni nzuri ni ile inayopitiwa upya baada ya msiba, na watu wakaulizwa maswali.

Kwetu misiba haikukosekana. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka tarehe 29 Machi 2013, watu 36 wakafa. Kariakoo ikafuata tarehe 16 Novemba 2024. Kila mara tunajadili zege na nondo, na ni haki yake. Reli haijadiliwi, kwa kuwa mtoto anayeanguka balkoni anaanguka peke yake, hakuna kifusi wala kamati.

Wala sisemi tunakili kitabu cha Waingereza chote. Pwani yetu ina chumvi na jua ambavyo Birmingham haivijui. Stenlesi ya daraja la 304 karibu na bahari inaanza kutoboka vijitundu, inatakiwa 316. Boliti ya stenlesi ikigusana na aluminiamu penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, kwa hiyo katikati iwekwe washa (kipete cha kutenganisha) ya plastiki au nailoni. Hayo TBS, shirika la viwango, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanaweza kuyaandika kwa Kiswahili, kurasa chache zenye michoro, fundi akatembea nazo kwenye begi. Kenya wameshaziacha kanuni zao za ujenzi za 1968 na kuleta za 2024. Hakuna sababu sisi tushindwe na kurasa chache. Halmashauri nazo, zinapopitisha michoro ya kibali, zidai mchoro wa reli: kimo, nafasi kati ya vyuma, aina ya kioo, boliti zinashika wapi. Huku kinachowatia watu adabu zaidi ni kwamba siku ya kuuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi anauliza cheti cha mkaguzi. Mwenye nyumba analifikiria hilo tangu siku ya kwanza.

Wanaosema tutapandisha gharama ya ujenzi, wahesabu vizuri. Chuma cha kusimama na cha kulala kinanunuliwa duka moja. Boliti ndefu na biti ndefu ya drili si mzigo kwa mtu aliyekwisha kununua kioo cha balkoni nzima.

Na hapa nawageukia wenzangu wa ughaibuni, kwa sababu wateja wakubwa wa reli hizi ni sisi. Tunaishi kwenye nyumba zilizokaguliwa, watoto wetu wanacheza balkoni hatushtuki, halafu tunamtumia fundi picha nzuri kwa WhatsApp na kumbana bei mpaka anakata pale pasipoonekana. Nyumba hiyo watakaa mama zetu, na wajukuu watakuja likizo. Andika kwenye makubaliano: milimita 1,100, vyuma vya kusimama au kioo chenye muhuri, reli ya juu, boliti kwenye zege. Mwambie fundi akutumie picha ya kila tundu kabla hajafunika kitako, futi ya kupimia ikiwa imeingizwa ndani kuonyesha kina. Na siku ya kutoboa zege mlipe kama siku ya kazi, maana ni kazi.