Mwanagenzi wa Ukufunzi wa Uandishi Amtazame Mwanafunzi

Mtu anayejifunza kuwasaidia wanafunzi katika uandishi kwa kawaida hupewa nafasi ya kuketi pembeni na kutazama vipindi vya mkufunzi mzoefu kabla ya kukabidhiwa wanafunzi wake mwenyewe. Utaratibu huo ni mzuri, na ningependa ufuatwe kila mahali panapofundishwa uandishi. Hata hivyo, naona kwamba wanagenzi wengi hawafaidiki nao ipasavyo, kwa sababu macho yao yote huwa kwa mkufunzi: hunakili maswali yake, maelezo yake na hata namna anavyoketi, kisha huondoka wakiamini kwamba ufundi wameupata. Anayestahili kutazamwa zaidi ni mwanafunzi.

Nasema hivyo kwa kuzingatia lengo la kazi yenyewe. Mwaka 1984 Mmarekani Stephen North alieleza, katika makala iliyosomwa sana na watu wa fani hii, kwamba kazi ya kituo cha uandishi, yaani mahali ambapo mwanafunzi huketi na mkufunzi kuzungumzia anachoandika, ni kumjenga mwandishi bora, wala si kutoa insha bora. Ukilikubali wazo hilo, nami nalikubali kwa moyo wote, hutapima kipindi kwa usafi wa karatasi inayotoka mezani. Utakipima kwa jambo ambalo mwanafunzi ameanza kulifanya mwenyewe na ambalo alipoingia hakuwa akilifanya. Jambo hilo huonekana usoni mwake, husikika katika sauti yake, na mtu aliyeinamia daftari akinukuu maneno ya mkufunzi hulikosa.

Katika kipindi kimoja nilichokitazama, kijana alileta rasimu ya insha kuhusu matumizi ya simu shuleni, na aya yake ya kwanza ilisema kwamba simu zina faida nyingi na hasara nyingi. Mkufunzi alimwomba aisome kwa sauti. Alipofika kwenye sentensi ndefu iliyoanza kwa kuzungumzia wanafunzi na kumalizikia kwa wazazi, alisita, akarudi nyuma, akaisoma tena ikiwa imenyooka, ingawa karatasini haikuwa imebadilika hata herufi moja. Mkufunzi hakutaja kosa lolote. Alimuuliza tu, "Umesoma ulichoandika, au ulichokusudia kuandika?" Kijana akaikodolea macho karatasi, kisha akaichukua kalamu iliyokuwa imelala mezani tangu mwanzo.

Baadaye aliulizwa, "Na wewe unataka msomaji wako akubali nini kuhusu simu?" Hapo pakawa kimya, na kimya hicho ndicho ninachotaka kila mwanagenzi akichunguze. Kijana alitazama dirishani, akafungua kinywa, akakifunga. Mkufunzi alisubiri bila kulirudia swali wala kulirahisisha, mpaka jibu likaja: "Nadhani shida si simu, Mwalimu. Shida ni kwamba hakuna anayetufundisha namna ya kuitumia." Akaambiwa aliandike kama alivyolisema, kabla halijapotea. Insha ikawa imepata hoja, na hoja hiyo ilikuwa yake.

Kusubiri namna hiyo ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Utafiti wa Mary Budd Rowe katika madarasa ya sayansi nchini Marekani, aliouchapisha katika miaka ya 1970, ulionyesha kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walingoja kwa wastani kama sekunde 1 tu, na kwamba walipozoea kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na kuwa na hoja zaidi. Katika uandishi nafasi hiyo ina uzito mkubwa zaidi, maana mwanafunzi hakumbuki jibu alilofundishwa bali anatafuta wazo ambalo bado halina maneno. Anayeketi pembeni ana bahati ya kuuhisi urefu wa sekunde hizo bila kuwa na wajibu wa kuzijaza.

Sisemi kwamba mkufunzi anyamaze wakati wote. Kuna mambo ambayo hakuna swali litakaloyatoa kichwani mwa mwanafunzi kwa sababu hayamo: namna ya kutaja marejeleo, muundo wa ripoti ya maabara, au upatanisho wa kisarufi katika lugha anayoiandika kama lugha yake ya pili au ya tatu. Kumzungusha mwanafunzi wa namna hiyo kwa maswali ni kumtesa. Aelezwe waziwazi, aonyeshwe mfano, kisha aachwe ajaribu katika sentensi inayofuata. Kwa hiyo mwanagenzi atazame vipindi vya wanafunzi wa aina mbalimbali, maana akimwona mmoja tu atakariri mbinu moja na kuifanya sheria.

Muhimu kwangu pia ni mazungumzo baada ya kipindi, ambayo mara nyingi huachwa kwa kisingizio cha muda. Mwanafunzi akishaondoka, mwanagenzi na mkufunzi wakae waulizane mambo mahususi: kwa nini tahajia haikuguswa mpaka hoja ilipokaa sawa, kwa nini aya ya tatu ilirukwa, ni wakati gani mwanafunzi alianza kuitetea kazi yake badala ya kuomba radhi kwa ajili yake. Mkufunzi mzoefu hufanya mengi kwa mazoea asiyoweza tena kuyaeleza mpaka aulizwe, na swali la mwanagenzi aliyekuwa akimtazama mwanafunzi humlazimu naye aichunguze upya kazi yake.