Neno la Kuhesabu

Roberto Busa, padre Mjesuiti kutoka Italia, alikuwa akichunguza dhana ya uwepo katika maandishi ya Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Aligundua kwamba maneno yanayotaja uwepo waziwazi hayamfikishi mbali. Alichokitafuta kilijificha katika kihusishi kidogo cha Kilatini, "in", yaani "katika". Akaandika kwa mkono kadi 10,000 za sentensi zenye neno hilo. Mwaka 1949 akaenda New York kumwomba Thomas Watson, mkuu wa IBM, kampuni ya mashine za kuhesabu, msaada wa mashine, na ikaanza kazi ya miaka 30 hivi ya kuorodhesha maneno karibu milioni 11, ya Thoma na ya waandishi wengine.

Wengi wakisimulia kisa hiki huisifu mashine. Mimi huzikumbuka zile kadi. Mashine ingemhesabia neno lolote, ila kwamba neno lenyewe ni "in" alilijua kwa kusoma.

Ndiyo maana sikubaliani na walimu wenzangu wanaotaka kompyuta isikanyage darasa la fasihi au historia, na naogopa zaidi wanaoiwasha kabla kitabu hakijafunguliwa. Leo mwanafunzi wa historia anaweza kuchambua kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli zilizobeba watumwa kuvuka Atlantiki. Hiyo ni neema kubwa. Lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo iliandikwa na wafanyabiashara na maofisa, na waliofungwa minyororo mara nyingi wamebaki tarakimu tu. Jedwali halimwambii hilo. Mwalimu asipolisema, mwanafunzi atatoka na grafu nzuri akidhani ameijua historia.

Kwangu utaratibu ni mmoja: msome, muandike mnachokishuku, kisha tuulize kompyuta. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba mama katika tamthilia tuliyokuwa tukiisoma amenyimwa sauti. Tukahesabu. Mama alikuwa na maneno mengi kuliko baba! Darasa likacheka, naye akainamisha kichwa. Nilimwomba asifute hoja yake, arudi kwanza kwenye kurasa, kwa sababu nami nilihisi kuna kitu amekisikia na hesabu haikukisikia.

Alirudi baada ya siku mbili, kitabu kimejaa mistari ya penseli. Karibu kila alichosema mama kilikuwa swali, na baba hakujibu hata moja.