Uwanja wa Hwangnyongsa uachwe mtupu

Niliposhuka basi Gyeongju niliona vilima vya nyasi, vya duara kabisa, vimekaa jirani na maduka na nyumba za watu. Nikadhani ni bustani, kumbe makaburi. Mji huu wa Korea Kusini ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Silla kwa karibu miaka 1,000, hadi ulipoanguka mwaka 935, na wakubwa wake bado wamelala hapo huku vijana wakiwapita na baiskeli.

Kaburi la Cheonmachong lilichimbwa mwaka 1973, vikatoka vitu zaidi ya 11,000, likiwemo taji la dhahabu. Unaruhusiwa kuingia ndani. Chumba cha mbao cha maiti kilifunikwa kwa lundo la mawe, kisha udongo. Mwizi akichimba, mawe yanamporomokea. Walikuwa na akili hawa!

Usiku watu humiminika Woljeonggyo, daraja la mbao lenye paa, linalong'aa kwa taa. Linapendeza, sikatai, na picha nilipiga. Ila daraja la Silla lilijengwa mwaka 760, na hili lilikamilika mwaka 2018. La kale liliacha misingi yake mtoni. Huko juu wataalamu wamekisia.

Kesho yake asubuhi nikaenda Hwangnyongsa, palipokuwa na hekalu la Kibuddha la enzi za Silla. Hakuna foleni wala taa, ni uwanja mpana na safu za mawe yaliyobeba nguzo. Hapa, enzi za Malkia Seondeok, ulijengwa mnara wa mbao wa orofa tisa, wa mita kama 80. Wamongolia waliuchoma mwaka 1238. Nilitembea kutoka jiwe hadi jiwe nikihesabu hatua, na ukubwa wake ukaniingia miguuni kabla ya kichwani.

Habari za kuujenga upya zimezungumzwa miaka mingi. Naomba wasiujenge. Najua nitaambiwa mbona hekalu la Bulguksa liliungua mwaka 1593 na sehemu kubwa ya majengo yake ya mbao ikainuliwa upya miaka ya 1969 hadi 1973. Kweli, lakini Bulguksa ngazi na minara ya mawe ya Silla ilibaki imesimama, na watawa wanasali humo mpaka leo. Mnara wa Hwangnyongsa ungejengwa kwa ajili ya nani, kama si sisi wenye simu?

Mwenye hamu ya kuuona, jengo la pembeni lina mfano wake, moja ya kumi ya ukubwa wenyewe. Niliutazama dakika tano, nikarudi kwenye mawe.